Hodi ya Lita Moja

Wingu namba mia moja kumi na nne lilizaliwa saa sita mchana juu ya mbuga za magharibi, dogo, la kijivu, lisilo na hata ngurumo ya kujitapa nayo. Eliwaza Mkumbo aliliona likitokea kwenye ubao wa mnada huku anakula viazi vitamu vya kuchemsha ofisini kwake, ghorofani juu ya duka la koki na mabomba, mjini Singida. Hakulitazama mara mbili. Kulikodolea macho wingu ni tabia ya wanunuzi wageni, na yeye alikuwa na miaka kumi na moja kazini.

Kufika saa nane na nusu lilikuwa limenenepa. Droni za Soko la Mawingu, ambazo kila mtu aliziita wachungaji, zilikuwa zimeshalizunguka na kulinyunyizia chumvi tumboni, na sasa zilikuwa zikiliswaga taratibu kuelekea mashariki. Mbele yake kulikuwa na ukingo wa bonde, na likishavuka ukingo upepo wa kule hulichana vipande vipande, hakuna wa kuvikusanya. Kwa hiyo Soko lilikuwa limepiga hesabu ya upepo na kutangaza kwamba mnada unafungwa saa tisa na dakika kumi na nne kamili. Mnada wa wingu hauongezwi hata sekunde moja. Unaweza kulia mbele ya ubao mpaka ukauke, saa inasonga.

Mteja wake siku hiyo alikuwa Ushirika wa Alizeti wa Bondeni, na msemaji wa Bondeni alikuwa Mzee Shila, mtu wa maneno machache ambaye kila mavuno alimletea Eliwaza dumu la mafuta mlangoni, analiweka chini, anauliza habari za watoto, anaondoka. Asubuhi alipiga simu kutaja kikomo chao: lita laki nne. Alizeti ilikuwa imeanza kufunga vichwa, na mvua moja sasa ingeijaza mafuta. Eliwaza alimuuliza kama inaweza kusubiri. Mzee Shila hakuficha. Alisema inaweza kusubiri hata siku kumi, matangi yao yamejaa, lakini ya nini kusubiri wakati wingu lipo.

Zamani watu walinunua mvua kwa fedha, na mvua ikawa inanyesha kwenye mashamba ya watu wanne mkoa mzima. Ndipo ikaja sheria kwamba mvua hununuliwa kwa maji. Anayetaka wingu hutaja lita atakazotoa kutoka kwenye matangi yake, na akishinda lita hizo huingia kwenye bomba la mji. Anayeshinda hatoi zote alizotaja. Hutoa lita moja tu zaidi ya aliyemfuata. Ikiwa yuko peke yake hutoa lita moja, anachukua wingu zima, na watu wanamsema mwezi mzima.

Wadunguaji kama Eliwaza walizaliwa na sheria hiyo. Ukiweka dau mapema, umemwambia mwenzako kwamba unalitaka wingu, na mwenzako ambaye hakuwa na hamu nalo ataanza kulitamani. Atapandisha, utapandisha, mtaishia kupeana vidonda. Mdunguaji hufanya kinyume. Anakaa kimya siku nzima kama hana habari, halafu sekunde ya mwisho anatupa dau lake lote kwa mkupuo, na wakati mwenzake anashtuka, ubao umeshafungwa. Kazi hiyo inataka kitu kimoja, nacho ni kujua dau lako linachukua muda gani kufika. Juu ya meza ya Eliwaza kulikuwa na kifyatuo, kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinatuma ishara tupu mnarani na kupima zinarudi baada ya muda gani. Theluthi ya sekunde. Mnara wa mjini ulikuwa mzuri.

Ubao wa mia moja kumi na nne ulikuwa mtupu. Hakuna dau, hakuna jina. Muhimu zaidi kwake, hakuna hodi.

Hodi haikuwamo kwenye sheria. Ilikuwa ya watu wenyewe. Kijiji kikifika pabaya, mazao yakiwa yanakata roho au msiba umewakuta shamba halijapaliliwa, kiliweka mapema dau la lita moja na jina lake wazi, kila mtu alione. Walioliona walijua huko kuna shida, wakaachia. Wadunguaji wa kwanza waliotoka mikoa mingine walicheka sana. Waliona ni ushamba, mtu kutangaza anachokitaka na kwamba hana kitu mkononi, wakawa wanayadungua mawingu yenye hodi kuliko mengine yote. Eliwaza naye alifanya hivyo mara mbili, mwaka wake wa kwanza, na majina ya vile vijiji viwili hajayasahau. Baada ya pale alijiwekea mwiko: wingu lenye hodi haligusi. Kwa mwiko huo alijiona mtu mwema, na usingizi ulimjia.

*

Saa tisa kasoro dakika kumi simu ililia. Ilikuwa kutoka Ilunda, kijiji alichozaliwa, na mpigaji alikuwa Shangazi Nyamizi, dada wa baba yake, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Eliwaza alipokea akamwamkia, akaitikiwa, wakaulizana habari za nyumbani. Alitaka kumkumbusha kwamba simu ya ofisi ya mdunguaji hurekodiwa na Soko kuanzia nusu saa kabla ya mnada kufungwa, lakini Shangazi alikuwa ameshaingia kwenye maneno yake.

Walikuwa wamekaa kikao, alisema. Misimu mitatu mfululizo walipiga hodi na misimu mitatu wakadunguliwa, sasa wamechoka. Kupiga hodi siku hizi ni kumwonyesha mwizi mlango. Mtama wao ulikuwa umeota, una siku tisa haujaona tone, na mbegu ile ndiyo ya mwisho, ghala limefagiliwa. Ukifa huu hakuna cha kurudishia ardhini. Kwa hiyo wameamua nao kufanya kama watu wa mjini: wamekaa kimya, na wingu la leo, lile dogo la saa tisa na robo, watalidungua.

"Tumetenga laki saba, maji yetu yote ya kunywa," Shangazi alisema. "Nitabonyeza mwenyewe ikibaki sekunde moja. Nimekupigia uniambie tu, mwanangu, mkono unatangulia au saa inatangulia?"

Eliwaza alikitazama kifyatuo. Aliujua mnara wa Ilunda. Ulikuwa wa zamani, juu ya kilima cha mawe nyuma ya zahanati, na alikuwa ameupima mara nyingi kwa udadisi wa mtu aliyezaliwa pale: sekunde nne, siku mbaya tano. Dau likibonyezwa ikibaki sekunde moja lingefika kwenye ubao uliofungwa. Mtu aliyemfundisha kukamua ng'ombe na kusoma saa alikuwa anakwenda kupoteza mtama wa kijiji kizima kwa sababu ya sekunde tatu, na hakujua.

Na aliyekuwa anangoja kulichukua wingu hilo ni yeye mwenyewe, kwa niaba ya alizeti inayoweza kusubiri.

Alisema kwamba hawezi kusema, yuko kazini. Sauti yake ilitoka ngumu kuliko alivyokusudia. Shangazi akaomba radhi, akasema alisahau kwamba kazi yake ina miiko, asijali, watajaribu hivyo hivyo, Mungu yupo. Akakata.

*

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na Eliwaza alizitumia vibaya. Alisimama, akakaa, akaenda dirishani. Chini mtu alikuwa anabishana na mwenye duka kuhusu koki inayovuja, na alimwonea wivu kwa udogo wa shida yake.

Njia alizokuwa nazo aliziona zote, na zote zilikuwa na miba. Kumpigia Shangazi na kumwambia abonyeze mapema ilikuwa ni kuuza siri ya mteja kwenye simu inayorekodiwa. Kesho yake leseni haipo, na Mzee Shila angesikilizishwa sauti yake akimuuza. Kunyamaza hakukuwa kosa la mtu yeyote. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Angenyamaza, Ilunda wangechelewa, Bondeni wangepata wingu kwa lita moja, na hakuna karatasi duniani ambayo ingemtaja kwa ubaya. Hilo ndilo lililomtisha. Aliogopa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kumpigia Mzee Shila hakukumjia akilini hata kidogo. Katika miaka kumi na moja hajawahi kumwomba mteja kitu. Mdunguaji akionyesha kwamba ana haja, bei yake inashuka.

Saa tisa na dakika kumi alipata wazo, na kama mawazo mengi ya watu wajanja, lilimfurahisha kabla hajalipima. Angeweka dau dogo mapema, kwa jina la Bondeni. Ubao ungeonyesha kwamba wingu lina mtu. Mnunuzi yeyote anayeona mpinzani ametokea hushtuka. Hangoji tena sekunde ya mwisho, anatupa dau lake haraka kabla hajazidiwa. Amewaona wakifanya hivyo mara elfu. Shangazi angeshtuka, angebonyeza zikiwa bado zimebaki dakika tatu, laki saba zake zingefika salama. Kisha Eliwaza angetimiza wajibu wake: angefyatua laki nne za Bondeni kwa wakati, zingeshindwa kihalali, na wingu lingekwenda kwa mwenye shida kubwa zaidi. Ilunda wangebaki na laki tatu za kunywa. Mzee Shila angeambiwa tumezidiwa, naye angesema sawa. Hakuna aliyesalitiwa, hakuna neno lililorekodiwa.

Akaandika dau la lita moja. Kidole kikabonyeza.

Ubao ukaandika: *Ushirika wa Alizeti, Bondeni. Lita 1.*

Akakaa akitazama, mikono imebanwa katikati ya magoti. Dakika tatu. Kila pumzi alitegemea kuona jina la Ilunda likitokea chini ya lile la Bondeni. Dakika mbili. Alijiambia kwamba wazee wanashauriana, Ilunda hawafanyi jambo bila kushauriana. Dakika moja. Kifyatuo kilianza kuwaka kijani, tayari kwa laki nne. Alisema kwa sauti, peke yake chumbani, "Bonyeza, Shangazi."

Sekunde kumi. Tano. Kwenye nusu sekunde ya mwisho kifyatuo kilitoa mlio mdogo na laki nne zikaenda.

Ubao ukafungwa.

Hakushusha pumzi bado. Dau lililochelewa huandikwa kwa rangi nyekundu chini kabisa, ili mwenyewe ajue lilifika wapi. Alihesabu hadi nne. Akahesabu hadi saba, hadi kumi. Hapakuwa na nyekundu. Ilunda hawakuchelewa. Hawakubonyeza kabisa.

*Mshindi: Bondeni. Lita 1. Taja shamba: dakika 4.*

*

Sasa mnada ulikuwa umekwisha na simu ilikuwa huru. Ililia kabla hajaigusa.

Shangazi Nyamizi hakuwa na sauti ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa mpole, kama mtu anayetoka kuhani msiba. Alieleza kwamba alikuwa ameshashika kitufe, kamati yote imemzunguka, wengine wameshazipeleka ndoo nje, na mara wakaona ubaoni hodi inapigwa. Bondeni. Hodi ya lita moja, jina wazi, kama zamani. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema labda ni hila, lakini wenzake wakamwuliza nani atapiga hodi ya hila. Basi wakakirudisha kitufe mezani.

Eliwaza alimuuliza kwa nini, na swali lilitoka kama la mtoto. Si walisema wameacha mambo ya hodi?

"Tumeacha kupiga, mwanangu," Shangazi alisema. "Hatujaacha kuitika."

Kisha akauliza Bondeni wamepatwa na nini. Kuna msiba? Wana wagonjwa? Kama mambo ni mabaya kiasi hicho, Ilunda wangetafuta namna ya kuwapelekea chochote, ingawa na wao wana hali yao. Eliwaza alijua huko watu wanamsikiliza Shangazi akiongea, wamesimama karibu na mtama wao wenye kiu ya siku tisa, wanawasikitikia wenye matangi yaliyojaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amekaa mno na watu wanaoshtuka wakiona jina la mwenzao, akasahau kwamba kuna wanaoona jina wakasogea kando. Na hao wa pili ndio waliomzaa.

"Shangazi," alisema, "hawana shida yoyote. Hodi nimepiga mimi."

Alisikia kuku, na mtu akikohoa mbali.

"Kwa shida gani?" Shangazi aliuliza hatimaye. Hakukuwa na hasira ndani yake. Aliuliza kwa sababu anayepiga hodi huulizwa shida yake. Eliwaza alisema atampigia tena, akaiweka simu mezani.

Zilibaki dakika mbili na sekunde kadhaa. Kwenye skrini wingu lilikuwa limetulia, wachungaji wamelizunguka wakingoja kuambiwa waende wapi. Shamba la Bondeni lilikuwa limeshajazwa mahali pake tangu asubuhi. Alichobakiza ni kuweka kidole gumba. Njia zote za ujanja zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa tena na namna ya kufanya jambo likaonekana limejifanya lenyewe. Angeweka kidole kwa Bondeni, akawa ameiba kwa hodi, wizi ambao hata wadunguaji wa kwanza hawakuwahi kuufikiria. Au angeweka kidole kwa Ilunda, akawa amemwibia Mzee Shila mchana kweupe.

Hakukuwa na njia ya tatu, au hakuiona.

Akafuta jina la Bondeni. Akaandika Ilunda, viwanja vya mtama, kaskazini ya zahanati. Skrini ikamwonya kwa herufi nyekundu kwamba shamba alilotaja si la mshindi, kwamba wakala anayeendelea anafutiwa leseni papo hapo, na kwamba jina lake litatangazwa. Alisoma lile onyo mpaka mwisho, maana alitaka awe amelisoma. Alimfikiria mume wake, ada za shule, ofisi yenye harufu ya mpira wa mabomba ambayo aliipenda kuliko alivyowahi kukiri. Akaweka kidole.

Kifyatuo kilizimika chenyewe. Kwenye skrini wachungaji waligeuza vichwa kaskazini, wote kwa pamoja, na wingu likawafuata.

*

Mzee Shila alipiga baada ya dakika sita. Eliwaza aliiacha simu ilie mara tatu akiwa ameikodolea macho, kisha akapokea na kumwamkia, na Mzee Shila akaitikia kama kawaida yake.

"Niko shambani hapa," alisema. "Lilikuwa limeshafika juu ya mnara wa tangi letu. Likageuka. Nikadhani mashine zimeharibika."

Eliwaza alimwambia kwamba hazijaharibika. Akamsimulia yote bila kuruka kitu: simu ya shangazi yake, mnara wa sekunde nne, laki saba, hodi aliyopiga kwa jina lao bila ruhusa, jinsi Ilunda walivyoiitika, na kidole chake. Hakujitetea. Alisema kwamba Soko litawalipa Bondeni kutoka kwenye dhamana ya leseni yake, na kwamba hadi jioni jina lake litakuwa limeshatangazwa, hivyo wasihangaike kumshitaki ila wakitaka.

Mzee Shila alisikiliza. Nyuma yake majani ya alizeti yalikuwa yanasuguana kwa upepo, upepo mkavu usio na kitu ndani.

"Hao wa Ilunda," aliuliza, "walikuwa na laki saba mkononi, na wakatuachia?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa lita moja."

"Waliona jina lenu."

Eliwaza alingoja matusi, na yangemfaa, angeyapokea kama dawa. Badala yake mzee alivuta pumzi, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa mahali pengine kabisa.

"Miaka saba nakuletea mafuta mlangoni kwako," alisema. "Nasimama, nauliza habari za watoto. Leo ulikuwa na dakika ishirini nzima, na simu yangu unayo. Ukawapigia hodi watu wasiojua lolote. Mimi hukunipigia."

"Ungenikubalia?" Eliwaza aliuliza.

"Sijui," alisema Mzee Shila. "Nimesimama hapa najiuliza, na kweli sijui. Ulinichukulia wingu, hilo tutalimaliza. Lakini na nafasi ya kujua ningejibu nini umeichukua."

Akamuaga kwa heshima, akakata. Eliwaza alibaki ameshika simu. Baadaye kidogo ikaingia picha kutoka Ilunda, imepigwa vibaya, kidole cha Shangazi kimefunika kona moja, na katikati yake kulikuwa na ndoo, mabati, na michirizi mirefu ya mvua. Chini yake Shangazi alikuwa ameandika kwamba wamepokea mvua, na kwamba kesho asubuhi anatuma watu wawili Bondeni wakawaombe radhi kwa kunyeshewa na wingu lao.